Mstari wa Ndugu

Mwanamke mwingine akiambiwa na daktari alale hospitali miezi minane, humpeleka mtoto kwa bibi yake. Asiye na mama hutafuta shangazi. Akikosa shangazi huangukia mke wa mjomba, hata kama huyo mke wa mjomba ana roho ya kutu na huficha sukari akiona mgeni. Kibano hakuwa na hata huyo wa kuficha sukari. Kwa hiyo alikunja magauni mawili, sweta na kandambili, akavitia kwenye mfuko, akamshika mwanawe mkono, akampeleka kwenye kituo cha kulelea watoto yatima.

"Tunakwenda wapi, mama?" mtoto aliuliza njiani.

"Kwetu," akasema Kibano, na wala hakuwa akimdanganya.

Alikulia pale. Aliletwa na polisi akiwa wa wiki mbili, baada ya aliyemzaa kutoka wodi ya wazazi kwenda kununua maji asirudi. Akatoka na miaka kumi na minane, sanduku la bati, na cheti cha ushonaji ambacho hakijapata kumlisha hata siku moja. Kilichomlisha ni mdomo. Kituoni walikuwa watoto sitini na kila kitu kiligawiwa sawa kwa sawa, na watu wasiojua hudhani mahali kama hapo hapana biashara. Ndipo ilipo. Mwenye kipande cha sabuni anataka mkate, mwenye mkate anataka kulala kitanda cha dirishani, wa dirishani anataka kufuliwa shuka kabla mlezi hajaliona. Kibano alipofika miaka tisa, hakuna aliyebadilishana kitu pale ndani bila kupitia kwake, na kila kilichopita kwake kilipungua kidogo.

Sokoni aliingia hivyo hivyo. Mzigo wake wa kwanza wa mitumba ulikuwa soksi zisizo na wenzao, gunia zima, uliokataliwa na kila mtu. Akaziuza akazimaliza. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa na meza yake chini ya bati, nguo za watoto tupu, na hilo jina la Kibano, kwa sababu mteja aliyethubutu kushika nguo pale hakuondoka mikono mitupu.

"Dada, mbona hii imefifia?"

"Haijafifia, imetulia. Ukichukua ile yenye rangi kali itakufifilia wewe nyumbani, uje kunitukana. Sema mwisho wako nikufungie."

Mtoto alimpata akiwa na miaka thelathini, kwa dereva wa lori aliyekuwa na kicheko kizuri na ratiba ndefu. Lori likaondoka. Kibano hakumlilia mtu. Lakini yule mtoto alipozaliwa, mdogo kiasi cha kuitwa Punje tangu siku ile, alimtazama masikio kwa muda mrefu kuliko wakunga walivyozoea. Yalisimama kama vishikio vya sufuria. Ni masikio yake mwenyewe. Miaka yote thelathini hakuwahi kumwona mtu aliyefanana naye.

Punje alipotimiza miaka mitano ndipo kikohozi kilipomshika Kibano, kikaondoka na kilo zake kumi, na vipimo vikasema ni kifua kikuu, tena kile sugu kisichosikia dawa za kawaida. Wodi yake iko nje ya mji, ina uzio wake, na mtoto haruhusiwi kukanyaga. Majirani walimpa pole kutoka ng'ambo ya barabara.

Kituoni alimkosa yule mama mlezi mkuu aliyemlea, yule waliyemwita Mama Funguo kwa kuwa alisikika kabla ya kuonekana. Alikuwa ameshafariki, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu wa kupelekewa taarifa ya msiba. Kwenye kiti chake alikaa binti mmoja nadhifu, afisa wa ustawi wa jamii, mwenye kalamu na fomu.

"Jina la baba wa mtoto?"

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Hayupo tu."

"Bibi au babu, upande wowote?"

"Hana."

"Shangazi, mjomba, mama mdogo?"

"Hana."

"Hata ndugu wa mbali, dada? Wa kumjua tu?"

"Hana mtu."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu aliyekulia nyumbani kwao hawezi kulijua jambo hili. Mtoto wa kituo anaulizwa swali moja maisha yake yote. Wageni wanakuja na zawadi zao, wanainama, wanauliza: una ndugu? Na watoto wanafundishana wenyewe kwa wenyewe jibu lake, kabla hata ya kujua kufunga kamba za viatu: inamisha macho, sema sina mtu. Ukisema nina shangazi mahali fulani, mgeni anatabasamu, anakupigapiga begani, anasogea kwa wa pili. Wenye mashangazi hawakupata viatu. Kibano alilijibu swali lile mara elfu kabla ya kubalehe, kwa hiyo binti wa fomu alipouliza, jibu lilitoka lenyewe, haraka, kama mtu anayetajiwa saba mara nane.

Binti akapiga mstari mrefu wa kalamu kwenye nafasi ya ndugu. Kwenye hali ya mama akanakili kutoka barua ya hospitali: mgonjwa mahututi. Punje alikuwa amekaa pale pale, anapunga miguu chini ya kiti, bega lake likigusa paja la mama yake, na kwenye karatasi alikuwa hana mtu duniani.

Kibano akatia saini. Yeye, ambaye haichukui fulana mpaka aipindue aone mishono yake, hakuigeuza karatasi ile kuona nyuma imeandikwa nini. Nani anasoma karatasi akiwa kwao?

Alichuchumaa akamwambia Punje, "Ukilala, viatu chini ya mto. Ukipewa chakula, kula kwanza, ongea baadaye. Nikipona nakuja."

"Kesho?"

"Si kesho."

Wodini alipiga simu kila alipopata salio. Miezi miwili ya mwanzo ilipokewa. "Mtoto yuko salama, mama, wewe ugua pole," ikasemwa. Halafu namba ikawa haipatikani. Wagonjwa wenzake walimwambia aandike barua, amtume muuguzi, afanye fujo. Hakufanya. Dawa zile zilikuwa zikimtoa roho, zinamtapisha asubuhi na kumziba masikio jioni, na jambo moja tu ndilo lililomruhusu kulala: kituo hakipotezi mtoto. Kina madaftari. Kilimtunza yeye miaka kumi na minane bila kumpoteza.

Akapona, au tuseme aliacha kuambukiza, kwa kuwa vidonge alitakiwa kuendelea navyo mwaka mzima. Alirudi mtaani akiwa nguo zimemvaa yeye. Mwenye nyumba alimpokea kwa machozi ya kweli, akainua kitambaa cha televisheni, akatoa bahasha tatu.

"Nilikufichia, mwanangu. Niliona mihuri ya serikali nikajua ni kesi, nikasema huyu anaumwa, wasimsumbue."

Barua zote tatu zilimwita mama wa mtoto afike ofisini. Ya mwisho ilisema asipofika, atahesabiwa kuwa amemtelekeza.

Alikwenda kituoni akikimbia pale alipoweza kukimbia, mapafu yakimgomea kila kona. Ilikuwa Jumapili ya wageni. Watoto walikuwa wamepangwa uani kwa urefu, vichwa vimenyolewa vyote, wanaimba, na wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki. Punje alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amerefuka. Alimwona mama yake langoni. Kibano anaapa hadi leo kwamba alimwona, maana mdomo wake uliacha kuimba.

Lakini mtoto anayevunja mstari hurudishwa nyuma, na Punje hakuvunja. Alifungua mdomo tena, akaimba.

Na Kibano naye? Hili ndilo analojilaumu kuliko fomu. Alisimama langoni akasubiri wimbo uishe. Miguu yake ilikumbuka kanuni kabla kichwa hakijakumbuka kwamba yule ni mwanawe. Ulikuwa wimbo wa beti nne. Ulipoisha, mwanamke mmoja mwenye miwani aliinuka kwenye viti vya plastiki, mumewe nyuma yake, wakaenda moja kwa moja kwa Punje kama watu waliokwisha kuzoeana naye, wakamshika mkono, huku na huku. Punje akasema kwa sauti ya kukariri, "Karibuni wageni wetu."

Afisa wa ustawi alipomwona Kibano ofisini alipauka.

"Dada, sisi tulijua umeshatangulia."

"Nimetangulia wapi? Nipe mwanangu."

"Si rahisi hivyo. Karatasi yako imeandikwa mtoto hana ndugu. Nyuma imeandikwa, mama akiitwa mara tatu asifike, mtoto anaweza kuasiliwa. Tumeita mara tatu. Ameingia kwenye orodha ya watoto wa kuasiliwa, na familia imepatikana. Watu wazuri sana. Mume ana duka la dawa, mke ni mwalimu. Kamati inakaa wiki ijayo, Alhamisi."

"Mimi si ndugu? Mimi ni nini, ukuta?"

Binti akaweka kalamu chini, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomnyima Kibano mahali pa kushika. "Wewe ni mgonjwa wa kifua kikuu sugu, unakaa chumba kimoja, uko peke yako. Ukirudi wodini kesho, huyu mtoto anakwenda kwa nani? Kamati itauliza hilo tu. Leta ndugu mmoja, dada. Mmoja. Asimame aseme, huyu akianguka, mtoto ni wangu. Nitakupigania mwenyewe."

Ndugu mmoja. Kibano amepata kutafuta vitu vigumu maishani, amepata kumtafutia mteja kiatu cha kushoto, lakini ndugu wa kuazima ndani ya siku kumi na moja hakujua anauzwa wapi. Kati ya wote aliolala nao bweni moja, aliyekuwa na nyumba na kazi ya kueleweka ni mmoja tu: fundi wa kuchomelea mageti, waliyemwita Kobe, kwa kuwa utotoni akisikia makelele alikuwa anavuta blanketi na kuingiza kichwa. Walilala kitanda kimoja miaka sita, kichwa huku miguu kule, kabla wavulana hawajatengwa.

Alimkuta karakanani, amevaa miwani myeusi, cheche zinaruka. Alipomtambua alizima mashine, akamvuta nyuma ya rundo la mabomba.

"Nani kakuelekeza hapa?"

"Na wewe habari yako, kaka."

"Usiniite kaka kwa sauti, Kibano. Hapa wanajua sina dada."

Akamweleza yote. Kobe alisikiliza akikwangua masizi kwenye kucha kwa msumari.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Mimi wakati naoa, niliulizwa kwenu wapi. Nikasema wazazi walikufa kwenye ajali ya gari. Nikasema nina kaka ng'ambo. Nikamtafuta mzee mmoja wa mtaani akasimama kama baba mdogo. Wakwe zangu wana ukoo wa kujaza uwanja, na mimi kwao ni mtoto wa watu. Unanielewa? Mtoto wa watu. Miaka kumi na moja. Nikisimama mbele ya kamati, lile daftari litafunguliwa."

"Litafunguliwa mbele ya watu watano."

"Mmoja wao anasali na mama mkwe."

"Kobe, nikuulize. Watoto wako wangapi?"

"Watatu."

"Wa kati angekuwa kwenye mstari pale, ananyolewa kichwa kila mwezi, anakariri karibuni wageni wetu, ungemjali mama mkwe?"

"Usinifanyie ya sokoni!" Kobe akafoka, na vijana wote wa karakana wakageuka. Akashusha sauti. "Usinibane. Si nguo hiyo. Ni nyumba yangu."

Kibano akajua mteja huyu ukimvuta zaidi anakimbia. Akaandika siku na saa kwa chaki kwenye bomba, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi hiyo alivaa gauni lake la heshima, lililokuwa limemlegea mpaka akalibana nyuma kwa pini tatu. Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni inayolia, na watu watano wenye mafaili. Mwalimu na mumewe walikaa upande wa dirisha. Kibano alijieleza. Alieleza vizuri, mjumbe mmoja alianza hata kutikisa kichwa kukubali. Alitoa cheti cha hospitali, akatoa barua ya mwenye nyumba, akatoa picha ya Punje akiwa mchanga, na alipoulizwa ndugu, mlango ukafunguliwa akaingia Kobe, na ovaroli lake la kazi, na jicho moja jekundu.

Alimnong'oneza Kibano akikaa, "Nimemwambia mke wangu. Amebeba watoto amekwenda kwao." Kisha akasimama. "Mimi ni kaka yake. Akianguka, mtoto ni wangu."

"Baba mmoja, mama mmoja?" akauliza mwenyekiti, mzee mpole mwenye sauti ya dawa ya kikohozi.

Kobe akamtazama usoni. "Ndiyo."

Na hapo ndipo walipojikaanga. Ungemwuliza mtu yeyote aliyelelewa na wazazi wake, angekwambia: sema ukweli, sema mmelelewa pamoja. Lakini Kobe alikuwa ameishi miaka kumi na moja ndani ya uongo wa ukoo na ukamshika vizuri, akadhani na hapa utamshika. Daftari la zamani likaletwa. Likasomwa. Wa kike: kutoka wodi ya wazazi, wiki mbili. Wa kiume: kaokotwa stendi ya mabasi, umri kama miaka miwili, mwaka mwingine kabisa.

Mwenyekiti akalifunga daftari.

"Haya," Kobe akasema. "Si baba mmoja. Sina baba wa kusema ni mmoja au wawili. Nimelala na huyu kitanda kimoja miaka sita. Nilipougua surua alinitafunia chakula. Mnataka damu ipi?"

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tunakusikia, kijana wangu. Lakini fomu haina mstari huo. Na umeshatudanganya mara moja ndani ya dakika tano."

Uamuzi uliandikwa kabla ya chakula cha mchana. Mtoto atakwenda kwa familia ya mwalimu. Mama mzazi ana siku thelathini za kupinga mahakamani. Afisa wa ustawi akamfuata Kibano kwenye korido, akamwambia lile ambalo karatasi haikulisema.

"Unaweza kupinga, dada. Una haki, na pengine ungeshinda. Lakini ukipinga, uamuzi unasimamishwa, na mtoto haendi kwa mwalimu wala haji kwako. Anabaki kituoni mpaka kesi iishe."

"Kesi zinakwisha lini?"

"Iliyokwisha upesi ilichukua mwaka na nusu. Nyingine, miaka mitatu."

Kibano alikaa kwenye benchi. Alifanya alichozoea kufanya akiletewa mzigo mbovu: alitafuta ni kipi kinaweza kuokolewa. Miaka mitatu pale ndani. Punje angetoka na miaka tisa. Alimjua mtoto wa miaka tisa wa kituo. Alimjua kwa ndani. Ni mtoto anayelala na viatu chini ya mto, hakimbilii mtu, haamini mlango ukifunguliwa. Kushinda kesi ya namna hiyo ni kurudishiwa nguo baada ya panya kumaliza shughuli zao.

Mwalimu akatoka na mumewe. Kibano akainuka.

"Mwalimu, tuongee. Nitawatilia saini leo. Sipingi. Siku thelathini zote nawaachia."

Mwalimu akashika mkono wa mumewe. "Mungu akubariki, mama."

"Ngoja, sijamaliza. Nataka kumwona kila Jumamosi."

Mwenye duka la dawa akakohoa. "Wataalamu wanashauri mara moja au mbili kwa mwaka, ili mtoto atulie."

"Mwaka una Jumamosi hamsini na mbili, kaka, unanipa mbili? Hao wataalamu wamezaa?"

"Mara nne."

"Mara mbili kwa mwezi, au nakwenda mahakamani sasa hivi na viatu hivi hivi, tukose wote."

Mwalimu akaingilia kati. "Mara moja kwa mwezi. Masaa mawili. Nyumbani kwetu, sisi tukiwepo. Tafadhali."

Kibano alimsoma uso kama asomavyo uso wa mteja aliyefika mwisho wake kweli. Alikuwa amefika. "Mara moja kwa mwezi. Ataniita nani?"

Wakatazamana. "Tulikuwa tunafikiri," akasema mwalimu taratibu, "asichanganyikiwe. Tuseme shangazi."

"Mama mdogo."

"Hapana."

"Mama mdogo ni neno la kawaida, mwalimu, kila mtoto analo."

"Lina mama ndani yake," akasema mwalimu, machozi yakimtoka. "Naomba unisamehe. Shangazi."

Kobe aligeuka akatazama ukuta. Safari hii Kibano hakupandisha bei.

"Shangazi ni dada wa baba," akasema hatimaye, akamgeukia mwenye duka la dawa. "Basi wewe ni kaka yangu. Ona, asubuhi nzima natafuta ndugu, kumbe yuko hapa. Andika, kaka. Jumamosi ya kwanza, masaa mawili, shangazi. Utie saini, huyu fundi awe shahidi. Maneno ya korido siyaamini."

Akaandika. Safari hii Kibano aliigeuza karatasi, akaangalia nyuma.

Jumamosi ya kwanza alifika kabla ya saa, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka ilipotimia. Nyumba ilikuwa na pazia safi na maji ya bomba ndani. Punje alikuwa na chumba chake. Nywele zilikuwa zimemrudi, zimesimama ovyo, na mwalimu, ambaye mwenyewe hukata zake fupi kama za mwanamume, alikuwa amezifunga kwa utepe zikamshinda.

"Shangazi amekuja," mwalimu akasema.

Punje alimtazama Kibano muda mrefu. Hakukimbia. Akaja akasimama karibu, mikono nyuma.

"Nimsuke?" Kibano akauliza. "Atakwenda shule Jumatatu hivi?"

"Ungeweza? Nitashukuru sana."

Akaketi kwenye kiti kifupi barazani, akamweka mtoto katikati ya magoti, akagawa nywele kwa ncha ya kitana. Mlango uliachwa wazi, na mwalimu alikuwa ndani akisahihisha madaftari. Mtoto alitulia. Baada ya mistari sita hivi akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuza shingo, "Mama."

Vidole vya Kibano vikasimama. Aliusikia ukurasa ukigeuzwa kule ndani. Makubaliano ni makubaliano, na mwenye kuvunja la kwanza hapewi la pili.

"Shangazi," akasema. "Inamisha kichwa."

Punje akainamisha. Kibano aliendelea kusuka, na jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni kama mtu anayebeba gunia. Aliigawa mistari myembamba, halafu akaigawa ile myembamba kwa mbili. Hakuna fundi wa kusuka anayemfanyia mteja vile isipokuwa kwa harusi. Saa ya ukutani ilipoonyesha masaa mawili yametimia, upande wa kulia ulikuwa umekwisha, umelala vizuri, mistari kama uzi. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kama zilivyokuja.

Kibano akafuta kitana, akakitia mkobani, akainuka.

"Muda wangu umekwisha, mwalimu."

Mwalimu alikuja mlangoni na kalamu nyekundu mkononi. Akatazama kile kichwa, upande huu na upande ule. "Lakini... Jumatatu ana shule. Ataendaje hivi?"

"Sijui, mwalimu. Masaa mawili ndiyo tuliyoandika. Ukifumua zitakatika, nimezibana sana."

Mume akaitwa. Akatazama naye. Wakaenda kunong'ona jikoni, wakarudi.

"Njoo kesho umalizie," mwalimu akasema. Alikuwa amejua, ilionekana machoni. "Kesho tu."

"Kesho kuna mzigo sokoni," Kibano akasema, na hakukuwa na mzigo wowote. "Lakini nitajitahidi."

Alitembea wima hadi kona, mahali ambapo hawamwoni. Hapo akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akakohoa mpaka mwanamke mmoja aliyepita akavuka barabara. Kifua kilipotulia alianza kuhesabu kwa vidole. Kesho, kichwa kitakwisha, hata kama ataigawa mistari kwa tatu. Mistari midogo namna ile hukaa wiki tatu. Halafu lazima ifumuliwe, na mwalimu hajui kufumua.